Forester Inayolia Leo na Kunyamaza Kesho: Nianzie Wapi?

*"Mtaalamu, habari ya kazi. Nina Subaru Forester ya mwaka 2006, injini ya lita mbili isiyo na taabo (turbo), giaboksi otomatiki, imetembea kilomita 190,000 na kidogo. Tangu Januari kuna kelele inanisumbua, lakini haiji kila mara. Asubuhi nikitoka getini Ruaka, kimya. Nikifika kazini Upper Hill baada ya jam ya saa nzima, nikizungusha usukani hadi mwisho kushuka rampu ya maegesho ya chini, gari linakuwa zito kana kwamba breki ya mkono imebaki juu, kisha nyuma panagonga gud, gud, gud. Jioni nikikata kona ya geti nyumbani inarudi, ila mvua ikinyesha siisikii. Tukienda kwa wazazi Murang'a, kwenye murram, haipo kabisa. Siku hizi pia kuna mvumo nikifika 70 au 80 kwenye Northern Bypass, siku nyingine mkubwa, siku nyingine mdogo. Fundi wa kwanza alibadilisha sivi jointi ya mbele kushoto, hakuna kilichobadilika. Wa pili amesema giaboksi imekwisha na anajua iliko nyingine ya Japani, Kirinyaga Road. Wa tatu anataka kuondoa propela shafti gari liwe la magurudumu mawili. Mume wangu anasema tuliuze. Desemba nilinunua matairi mawili mapya ya mbele, sijui kama yanahusika. Nianzie wapi?"*

Dada, anza kwa kutonunua chochote. Usilipie giaboksi, wala usikubali propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, itolewe, hata kwa wiki moja. Naelewa hofu yako: umeshatoa pesa ya sivi jointi, kile kiungio cha shafti ya gurudumu, iliyokuwa nzima, na sasa unaombwa utoe nyingine nyingi zaidi kwa msingi uleule wa kukisia. Lakini swali lako lina habari nyingi kuliko walizokuuliza mafundi hao watatu. Umetaja joto, lami kavu, murram, mvua na matairi mawili mapya. Mtu akiyaweka hayo mezani kwa mpangilio, sehemu kubwa ya jibu inajitokeza bila spana kuguswa.

Jambo la kwanza ninaloliona ni kwamba una kelele mbili, si moja. Kuna mlio wa kugonga wa kona kali, na kuna mvumo wa spidi. Karibu kila mara hivi vitu viwili huwa na vyanzo tofauti, na vikichanganywa kwenye maelezo fundi hushika kile anachokifahamu zaidi na kukiacha kingine. Mimi nitavitenganisha.

Jambo la pili ni hili la kelele kuja na kwenda. Watu wengi huchukulia kwamba kelele isiyokuja kila siku haina mpangilio, au kwamba ikinyamaza gari limejiponya. Hapana. Kelele ya aina hii ina masharti, na masharti yakitimia inakuja, yakikosekana inanyamaza. Kazi ya kwanza ni kuyajua masharti hadi uweze kuiita kelele mwenyewe, mahali unapotaka, mbele ya fundi. Kabla ya hapo kila spea inayobadilishwa ni bahati nasibu. Fundi akikuambia "niachie gari hadi kesho" na hana njia ya kuifanya kelele itokee, kesho atakupa jibu la kubuni, tena kwa nia njema kabisa.

Sasa tuingie chini ya gari. Gari lolote likikata kona, magurudumu yake manne hupita njia nne tofauti. Ni kama gwaride linapopinda: askari wa ndani anapiga hatua fupi, wa nje anapiga ndefu, na safu ya mbele haipiti palepale inapopita ya nyuma. Tofauti ya kushoto na kulia inashughulikiwa na difu, moja mbele na moja nyuma. Tofauti ya mbele na nyuma ndiyo inayokuhusu wewe. Katika Forester otomatiki ya aina yako, kazi hiyo inafanywa na klachi ya sahani nyingi iliyo mkiani mwa giaboksi, ikiogelea ndani ya mafuta yaleyale ya giaboksi. Kompyuta ya giaboksi inaitawala kwa solenoidi, yaani vali ndogo ya umeme: presha ya mafuta ikipanda, sahani zinabanana na nguvu nyingi inaenda nyuma, presha ikishuka, sahani zinateleza na magurudumu ya nyuma yanapata nafasi ya kuzunguka kwa mwendo wao. Unapokata kona polepole, klachi hiyo inapaswa kulegea ya kutosha.

Isipolegea, mbele na nyuma zinafungana. Gari linapopinda kitu lazima kijikunje, na vinavyojikunja ni shafti. Zinajisokota kidogo kidogo, gari linakuwa zito, kisha tairi moja linashindwa kushika, linaruka kidogo kwenye lami na mkazo wote unaachiliwa. Hiyo ndiyo gud. Halafu mkazo unajikusanya tena, gud ya pili. Kwa hivyo unachosikia kinaweza kisiwe kitu kilichovunjika huko nyuma. Inaweza kuwa tairi lako lenyewe likiruka, na mlio ukisafiri kwenye bodi.

Ona sasa jinsi masharti yako yanavyokaa mahali pake. Kwenye murram tairi linateleza kwa urahisi, mkazo haukusanyiki, kimya. Mvua ikilowesha lami, vilevile. Kwenye sakafu kavu ya saruji ya rampu, tairi linashika kwa nguvu zote, kelele. Asubuhi mafuta ya giaboksi yakiwa baridi, hakuna. Baada ya jam ya Limuru Road, giaboksi imepata moto, na mafuta yaliyochoka yakiwa na joto hayaziachi sahani ziteleze kwa ulaini: zinashika, zinaachia, zinashika tena. Sivi jointi mbovu haiwezi kutambua murram na lami. Sivi ya nje iliyokufa inatoa tak-tak-tak ya haraka, inayoongezeka na spidi, kila unapokata kona huku umekanyaga mafuta, iwe Upper Hill au Murang'a. Fundi wako wa kwanza alisikia neno "kona" na hakuuliza zaidi.

Nimefika kwenye matairi, na hapa naomba usisome harakaharaka, kwa sababu ndipo ninapodhani mambo yalipoanzia. Ulibadilisha mawili Desemba, kelele ikaanza Januari.

Tairi la kawaida la Forester hiyo ni 215/60R16. Likiwa jipya mzingo wake ni karibu milimita 2,087. Tairi jipya lina kina cha meno cha milimita 8 hivi. Likiisha likabaki na 3, nusu kipenyo chake kimepungua milimita 5, na mzingo umepungua milimita 31 hivi. Inaonekana kidogo sana, sivyo? Lakini hesabu mizunguko. Jipya linazunguka mara 479 kwa kilomita moja, lililoisha mara 486. Kwa hivyo magurudumu yako ya nyuma yanazunguka mara saba zaidi ya yale ya mbele kila kilomita, hata barabara ikiwa imenyooka kabisa. Safari ya kilomita 15 ni mizunguko zaidi ya mia moja ya tofauti, na yote inamezwa na ile klachi mkiani mwa giaboksi. Klachi iliyotengenezwa kuteleza kidogo kwenye kona sasa inateleza kutwa nzima. Inapata moto, inachafua mafuta, na mafuta yaliyochafuka yanaifanya ishike vibaya zaidi.

Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya matairi yote manne isizidi robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Kununua mawili mawili ni sawa kwenye gari la magurudumu mawili. Kwenye gari lako si sawa, na muuza matairi aliyekuuzia alipaswa kukuuliza.

Kupima ni rahisi. Jaza upepo sawa kwanza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Inua gurudumu moja kwa jeki mahali tambarare, injini imezimwa, gari liko P, breki ya mkono juu, magurudumu mengine yamewekewa mawe. Chukua kamba isiyovutika, izungushe katikati ya uso wa tairi hadi ikutane, tia alama ya kalamu pale inapokutana. Rudia kwa kila tairi ukitumia kamba ileile, kisha inyooshe juu ya meza karibu na rula. Alama zikiachana sentimita mbili au tatu, huhitaji kumuuliza mtu yeyote kama matairi yanahusika. Angalia pia kwamba saizi iliyoandikwa ubavuni ni moja kwa yote manne, maana matairi ya kampuni mbili tofauti yanaweza kutofautiana mzingo hata yakiwa na saizi ileile.

Dawa iliyo safi ni manne mapya ya aina moja. Najua bei yake. Kama haiwezekani mwezi huu, tafuta mawili ya mtumba ya nyuma yaliyo sawa na yale mapya, kampuni ileile na meno yanayokaribiana, lakini soma tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, kwa hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la zamani mno, lenye nyufa ndogo ndogo ubavuni, usiliweke kwenye gari linalobeba watoto.

Sasa jaribio la fyuzi, ambalo ni la bure na ndilo ningependa ulifanye kabla ya kumpa mtu yeyote gari. Ndani ya boneti kuna tundu la fyuzi lililoandikwa FWD, na kwa kawaida liko tupu. Zima gari, weka humo fyuzi ya akiba ya ampea 15, kisha washa. Taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi, kuonyesha kwamba kompyuta imeambiwa iachie klachi ya nyuma. Tundu hilo liliwekwa na watengenezaji kwa ajili ya siku unapotumia gurudumu dogo la akiba. Kama taa haiwaki, usiendelee na jaribio; kuna hitilafu ya umeme au mtu alishachezea nyaya. (Anayesoma hapa akiwa na Subaru ya taabo asishangae kulikosa tundu hili, kwa kuwa baadhi yake zina mfumo mwingine. Na za gia za mkono hazina kabisa.)

Endesha kwanza bila fyuzi hadi giaboksi ipate moto sawasawa, nusu saa na zaidi. Nenda kwenye uwanja mpana wa lami au saruji kavu, kwa mfano maegesho ya duka kubwa Jumapili asubuhi na mapema. Zungusha usukani hadi mwisho, achia breki, acha gari lijivute lenyewe kwenye duara, bila kukanyaga mafuta. Sikiliza kushoto, kisha kulia. Gari lisilo na kasoro linapaswa kujivuta kwa mwendo ule ule. Likisimama lenyewe katikati ya duara, limebana. Weka fyuzi, rudia palepale. Toa fyuzi, rudia tena. Hii mara ya tatu ndiyo inayokupa uhakika.

Fyuzi ikiondoa kelele na kuitoa ikairudisha, habari ni njema kwa kiasi kikubwa: solenoidi inafanya kazi na sahani bado zinaweza kuachiana. Rekebisha matairi, badilisha mafuta ya giaboksi, kisha upime tena. Sitakuficha kwamba jaribio hili haliondoi shaka juu ya difu ya nyuma wala propela shafti moja kwa moja, maana fyuzi ikiwemo navyo vinapumzika kubeba mzigo. Lakini kwa masharti yako ya murram na mvua, mimi ningeweka pesa yangu kwenye klachi na matairi.

Kama gari linabana vilevile taa ya FWD ikiwaka, basi ama solenoidi imekufa ama sahani zimeshikana. Solenoidi hiyo ikikosa umeme presha inabaki juu na klachi inafunga, kwa hivyo hitilafu ndogo ya umeme inaweza kuleta dalili kubwa. Angalia taa iliyoandikwa AT OIL TEMP unapowasha gari: ikipepesa mfululizo badala ya kuwaka kidogo na kuzima, kompyuta ya giaboksi imehifadhi hitilafu na inataka kusomwa kwa mashine. Kuna jambo moja ambalo yule fundi wa pili ama hakulijua ama hakukuambia: klachi hii na solenoidi yake viko kwenye mkia wa giaboksi, na mkia huo unafunguliwa giaboksi ikiwa bado ndani ya gari. Ekzosi inashushwa, propela shafti inatolewa, giaboksi inashikiliwa kwa jeki, mkia unatoka. Ni kazi ya siku moja kwa fundi anayeijua. Kuibadilisha giaboksi nzima kwa sababu ya klachi hii ni kutupa kitu kizima pamoja na kibovu.

Kuhusu mafuta, naona niseme zaidi kidogo, maana hapa Nairobi yameua giaboksi nyingi za Subaru. Gari lako lina mafuta mahali patatu katika mfumo wa kuendesha magurudumu. Kuna ATF ya giaboksi. Kuna ya difu ya mbele, ambayo imejengwa ndani ya kasha la giaboksi lakini ina mafuta yake peke yake, 75W-90 ya daraja la GL-5, lita moja na kitu. Na kuna ya difu ya nyuma, aina hiyohiyo, karibu lita 0.8. Injini ina yake. Nati ya kumwagia difu ya mbele iko chini karibu vya kutosha na ya injini kumchanganya fundi mwenye haraka: anafungua ya difu akidhani anamwaga oili ya injini, kisha anajaza oili mpya juu ya ile ya zamani. Unaondoka na injini iliyofurika na difu kavu, na difu kavu huanza kuvuma baada ya muda. Kwa hivyo baada ya kila sevisi vuta vijiti vitatu vya kupimia: cha injini, cha ATF, na kile kifupi cha difu ya mbele, upande wa pili wa giaboksi. ATF inapimwa giaboksi ikiwa moto, injini ikinguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Dondosha tone kwenye tishu nyeupe. Likiwa jekundu, sawa. Likiwa la kahawia na kunuka kuungua, umechelewa. Ukimwaga mara moja hutoka chini ya nusu ya mafuta yote, kwa hivyo inabidi kumwaga, kujaza, kuendesha siku kadhaa, kisha kurudia mara mbili tatu. Na yeyote anayetaka kukuwekea kitu kizito ndani ya giaboksi au difu "kunyamazisha kelele" mwambie asante, hapana.

Tuache kona, twende Northern Bypass kwenye ule mvumo. Nadhani ni beringi ya gurudumu la nyuma. Za Forester za miaka hiyo zinajulikana kwa kuchoka, na matuta yetu hayazisaidii. Lakini kuna washukiwa watatu wanaovuma kwa spidi hiyohiyo, na wanatofautishwa hivi. Mvumo wa tairi lililoisha vibaya hubadilika lami inapobadilika. Ukitoka lami mpya kuingia ya zamani sauti inageuka. Mvumo wa difu unafuata mguu wako: unakuja ukikanyaga, unabadilika au kutoweka ukiachia. Mvumo wa beringi haujali lami wala mguu, unajali uzito. Barabara ikiwa wazi na hakuna gari karibu, ukiwa kwenye 70, pinda kidogo kulia ndani ya leni yako, kisha kushoto. Ukipinda kushoto uzito unaegemea kulia; mvumo ukipanda hapo, tazama beringi za kulia. Ukipanda unapopinda kulia, tazama za kushoto. Ndiyo maana siku nyingine unausikia mkubwa: kona, abiria na mzigo vinabadilika.

Uhakika unapatikana gurudumu likiwa juu. Fundi ainue gari, aweke vidole vya mkono mmoja kwenye springi ya gurudumu hilo, kwa mkono mwingine azungushe gurudumu. Beringi nzima haisikiki hata kidogo kwenye springi. Iliyochoka inaleta mkwaruzo mdogo hadi kwenye ncha za vidole, kana kwamba kuna mchanga ndani. Linganisha na ya upande wa pili. Kisha ashike gurudumu juu na chini alitikise. Likicheza, limeshafika mbali.

Beringi hizo zinatolewa na kuingizwa kwa presi. Ukiona fundi anashindilia mpya kwa nyundo, msimamishe, kwa sababu kila pigo linapita kwenye gololi na beringi hiyo itavuma tena baada ya muda mfupi. Pia gari lisishushwe chini wakati nati ya shafti imelegea, hata kwa kulisukuma tu ndani ya gereji. Uzito wa gari unaiharibu beringi mpya hapohapo.

Wapo washukiwa wadogo ambao ningetaka fundi awapitie akiwa chini huko: beringi ya katikati na jointi za propela shafti, ambazo hugonga ukitoa gari D kwenda R, bushi za difu ya nyuma, raba za sivi za ndani upande wa mbele, zinazopasuka kwa joto la ekzosi, bati za kuzuia joto zilizolegea kwa kutu, na kijiwe kilichonaswa kati ya diski ya breki na bati lake, kinachokwaruza kwa siku mbili kisha kudondoka. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeeleza dalili zako zote, ila ukaguzi wake hauchukui muda.

Niseme wazi kuhusu mapendekezo uliyopewa. Giaboksi ya Kirinyaga Road inaweza kuwa nzuri, lakini pale bado hujathibitisha ubaya wa yako. Isitoshe kuna mtego: giaboksi za Subaru zinazofanana kwa macho zina uwiano tofauti wa difu, kuna za 4.111 na kuna za 4.444, na ya mbele lazima ilingane na difu ya nyuma. Zikitofautiana gari litabana kila mita ya barabara na klachi itakufa haraka. Siku ukilazimika kununua, soma msimbo ulio kwenye kasha la giaboksi yako na ulinganishe kabla ya kulipa.

Kuondoa propela shafti kunaondoa kelele, ni kweli, lakini kunaacha mdomo wazi mkiani mwa giaboksi ambapo ATF inavuja usipozibwa sawasawa, na kunakuacha bila fo-wili kwenye matope ya Murang'a mwezi wa Aprili. Kwenye Subaru za gia za mkono ni hatari zaidi, kunaunguza kifaa cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Fyuzi ya FWD nayo ni ya majaribio na ya dharura. Isiachwe humo miezi. Na kuuza? Forester yenye kilomita 190,000 iliyo na matairi sawa na mafuta safi ina maisha marefu mbele. Ikiwa na kelele isiyojulikana, mnunuzi atakata bei kama ya giaboksi nzima. Tambueni kasoro kwanza, kisha mwamue na mzee nyumbani kwa utulivu.

Ukienda gereji usiseme "nina shida ya giaboksi." Peleka masharti: baada ya muda gani, lami gani, usukani upande upi, mguu uko wapi. Rekodi sauti kwa simu, mwenzako akiwa kiti cha nyuma. Mtake fundi akae nawe ndani ya gari hadi aisikie mwenyewe, na ukubali kulipia muda huo wa kutafuta. Spea ya zamani ikitolewa, aiweke mkononi mwako. Mkumbushe pia, hata kama anajua, kwamba gari hili halitiwi gia likiwa limeinuliwa gurudumu moja au mawili. Linaweza kuruka kutoka kwenye jeki likamuumiza aliye chini.

Hadi hapo unaweza kuendelea kuliendesha taratibu kazini na nyumbani kwa siku chache za kupima. Ila simama mara moja na uite msaada ukiona mojawapo ya haya: gurudumu kutikisika hadi kwenye usukani, harufu ya kuungua, mafuta kudondoka chini ya giaboksi au difu, eneo la katikati la gurudumu moja kuwa na moto kuliko mengine, taa ya ABS kuwaka pamoja na mvumo, au mlio mzito wa kugonga chini ya sakafu ukiwa kwenye spidi. Huo wa mwisho unaweza kuwa jointi ya propela shafti inayokaribia kuachana, na shafti ikidondoka kwenye bypass inaweza kuua. Na mwenye breki-dauni akija na ndoano ya kuinua magurudumu mawili, mrudishe. Forester yako inabebwa yote manne yakiwa juu ya flatibedi.